Waandishi wa Farasi

Harufu ndiyo inayotangulia. Kabla sijaziona picha wala kuisikia ngoma, inanijia ile harufu ya maziwa na pombe ya maua ya mahua vikikorogwa pamoja na rangi ya unga kwenye vikombe vya majani. Ilikuwa Februari 1987, barazani kwa mzee mmoja wa Kirathwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mji wa Chhota Udaipur, mashariki ya jimbo la Gujarat nchini India. Nilikuwa na miaka 24, nasoma uhandisi wa ujenzi Baroda, na nilichoambiwa ni kwamba kuna nyumba itapakwa rangi. Basi.

Aliyenialika alikuwa mwenzangu wa chumba. Kwenye karatasi za chuo jina lake la mwisho lilikuwa Rathwa, kama wengi wa kabila lake wanavyojiandikisha, na sisi wa bweni lile, Watanzania, Wakenya na Wahindi wa kila upande, tulimwita hivyohivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wanafunzi wa mjini walimwita adivasi. Maana ya neno hilo ni mkaazi wa tangu mwanzo, lakini kwa jinsi walivyolitamka, heshima ya maana yake ilikuwa imeshadondoka njiani. Serikali ya India inatambua makabila ya namna hiyo zaidi ya 700, na sensa ya 2011 iliwahesabu watu wake kuwa zaidi ya milioni 104, wengi kuliko Watanzania wote wa leo. Mimi mwaka ule nilimjua mmoja, aliyelala kitanda cha pili na kuniazima sweta lake wakati wa baridi.

Usiku mmoja akaniambia baba yake ana deni. Nikadhani ni la benki. Akasema hapana, ni deni la Baba Pithoro, mungu wa kwao. Miaka mitatu nyuma ng'ombe wao walikufa mmoja baada ya mwingine, kisha mdogo wake akaugua homa isiyoisha. Wakamwendea badvo, ambaye kwetu tungemwita mganga, na badvo akasema mzee aweke nadhiri: mambo yakitengemaa, atamkaribisha Pithoro nyumbani kwake. Mtoto akapona, zizi likatulia. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akikusanya nafaka, mbuzi na fedha, maana anayemkaribisha Pithoro huwakaribisha pia ndugu, wakwe na kijiji kizima, na hawaji kula siku moja wakaondoka.

Tulipanda garimoshi la reli nyembamba, ile ya milimita 762, kupitia Dabhoi. Njia zile zina umri mkubwa: kipande cha Dabhoi hadi Miyagam kilianza mwaka 1862, na mabehewa yake ya kwanza yalivutwa na maksai. Letu lilivutwa na injini, lakini sidhani kama maksai wangeachwa mbali. Baada ya Bodeli mashamba ya tambarare yakaanza kukunjamana kuwa vilima, na miti ya khakhro ilikuwa imechanua maua ya rangi ya chungwa bila jani hata moja. Tulipofika Tejgadh, Rathwa akanyoosha kidole dirishani kwenye mlima uitwao Koraj na kusema kuna picha za kale kwenye mwamba wake, na kwamba mlima wenyewe una heshima yake. Nikashtuka, nikamwambia hata kwetu ipo milima ya namna hiyo. Nitalirudia jambo hili.

Jambo la kwanza nililolikosea kijijini lilikuwa la undugu. Rathwa aliniambia nitapokelewa na kaka yake, nikategemea kijana. Akaja mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Kuanzia hapo nikamwita Kaka kwa maana yao, nikimwamkia kama ninavyomwamkia baba mdogo wa kwangu, na yeye akanitunza hivyo.

Nyumba ya Kirathwa ina baraza pana iliyofunikwa, na nyuma ya baraza kuna ukuta unaoitenga na jikoni. Ukuta huo ndio wa Pithoro, pamoja na kuta mbili za ubavuni. Wasichana ambao hawajaolewa walikuwa wameshausiriba kwa samadi ya ng'ombe na udongo, kisha wakaupaka chokaa nyeupe kwa viganja. Ukiinama karibu uliona alama za vidole vyao, pinde kwa pinde, kama magamba ya samaki. Hapo kazi yao ilikuwa imekwisha. Kinachofuata ni cha wanaume, na si kila mwanaume.

Walikuja watu sita au saba. Nilimwuliza Rathwa kama hao ndio wachoraji. Akatafuta neno, halafu akasema, "Hawachori. Wanaandika." Nilidhani Kiingereza chetu cha bwenini ndicho kilichotuponyoka, nikamwuliza tena kwa Kigujarati, akanijibu kwa Kigujarati: Pithoro huandikwa, na mtu wa kazi hiyo anaitwa lakhara, mwandishi. Mkubwa wao hakujua kusoma gazeti. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzinyuzi, akakichovya, akavuta mstari mmoja mrefu kuuzunguka ukuta, akaacha uwazi chini katikati. Kisha akavuta mwingine wa mawimbi ukutani kutoka upande hadi upande. Juu ya mawimbi ni kwa miungu, chini yake ni duniani.

Farasi wakaanza kuingia. Hakuna Mrathwa niliyemwona kijijini akimiliki farasi. Walikuwa na maksai na mbuzi. Lakini ukutani walikuja farasi kwa makumi, wa samawati, wa kijani, wekundu, shingo zimepinda, miguu ya mbele imeinuliwa. Kijana mmoja anachora umbo, mwingine anajaza rangi, wa tatu anatia vitone vya hatamu. Harusi ya Pithoro ndiyo inayoandikwa pale, na farasi hao ni wa miungu wanaokwenda harusini. Anatangulia Baba Ganeh akivuta kiko cha maji. Yupo Baba Ind, yupo Rani Kajal, yupo Raja Bhoj juu ya tembo. Chini ya mawimbi, mkulima analima, mwanamke anateka maji kisimani, mwingine anasukasuka maziwa, mtu amepanda mnazi pori kugema tembo, mtu na mkewe wako katika faragha yao pembeni. Yupo mwenye vichwa kumi na viwili. Yupo wa mguu mmoja. Yupo mwenye masikio mapana kama ungo, na jina lake kwa lugha yao ndilo hilo hilo la ungo. Na pembeni kabisa kijana akaandika garimoshi, lenye moshi wake, kwa sababu nalo hupita duniani.

Nilikuwa na kijitabu cha hesabu. Nikakaa chini kwenye mkeka nikaanza kunakili kwa penseli: mstari wa nje, mawimbi, farasi wachache. Mwandishi mkubwa akaja kunywa maji, akasimama nyuma yangu kwa muda. Akachukua penseli mkononi mwangu bila kuomba, kama anavyofanya mwalimu, akafuta kwa kidole gumba sehemu ya chini ya mstari niliokuwa nimeuunganisha, akachora mlango, na kila upande wa mlango akaweka chui milia. Kisha akasema neno ambalo Rathwa alinitafsiria huku akicheka: "Umewafungia. Watapita wapi?" Nimekuwa mhandisi kwa miaka 31, nimekaguliwa michoro na watu wa vyeo vyote, na sijapata kusahihishwa kwa usahihi kuliko siku ile.

Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Afrika, Tanzania, na kabila langu Mrangi. Akalirudia: Rangi? Kigujarati na Kiswahili vina neno moja hapo, maana hata wao husema rang. Akainua kikombe chake cha jani chenye samawati, akaninyooshea, na watu wote barazani wakacheka. Siku zote zilizobaki niliitwa hivyo.

Badvo alikuja jioni. Sikutegemea angekuwa mtu mwembamba wa sauti ndogo. Alikaa mbele ya ukuta, mbele yake pakatandazwa nafaka, ngoma kubwa zikaanza taratibu na waimbaji wakashika habari tangu mwanzo. Kisa chenyewe nakieleza kwa ufupi, jinsi nilivyokielewa usiku ule. Kali Koyal, dada wa Baba Ind, alizaa mtoto kwa siri, akamwachia maji yamchukue. Rani Kajal alipokwenda mtoni akamwokota, akamlea. Mtoto akakua, akatambulika kuwa ni mpwa wa Ind, na ndugu zake wakamfanyia harusi. Mtoto huyo ni Pithoro. Ndiyo maana ukuta mzima ni msafara wa harusi: ni ukoo unaomrudisha mtoto wake uliyemkosa. Nilipoelewa hilo nikamtazama baba yake Rathwa, ambaye mwanawe aliyepona alikuwa amelala mapajani mwake, na sikuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu nadhiri.

Usiku wa manane badvo alianza kutetemeka kuanzia mabegani. Akasimama na upanga. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichokuja kukifikiria maisha yangu yote. Alikwenda ukutani, akaelekeza ncha ya upanga kwa farasi wa kwanza, akamtaja. Farasi wa pili, akamtaja, na nini anakwenda kufanya harusini. Mmoja baada ya mwingine, na waandishi wamesimama nyuma yake kimya kama wanafunzi mbele ya msahihishaji. Ukuta ulikuwa unasomwa. Alipofika kwa farasi fulani wa upande wa kushoto akasimama, akagonga ukuta kwa ubapa wa upanga mara mbili. Kulikuwa na kitu hakipo. Mwandishi mkubwa, mzee yule aliyekuwa kazini tangu alfajiri, akainuka na kijiti chake, akaongeza hatamu. Badvo akasogea kwa anayefuata.

Mbuzi wakachinjwa kukikaribia kucha. Nadhiri ikawa imelipwa.

Lakini mimi mawazo yangu yalikuwa yamehama. Nilizaliwa Kolo, wilaya ya Kondoa, kando ya barabara ya kwenda Babati. Juu ya kijiji kuna mapango ya miamba yenye michoro myekundu: watu warefu wembamba, twiga, swala, watu walioshikana mikono. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia. Babu yangu alikwenda kwenye mwamba mmojawapo, Mungomi, na wazee wenzake wakati wa kiangazi kirefu, na mbuzi na pombe, kuomba mvua. Niliwahi kumwuliza, "Babu, huyu mtu mwenye kichwa kikubwa ni nani?" Akanijibu kwamba waliokuwa wanajua walikuwa wameondoka kabla ya babu yake. Wazee wetu waliuheshimu mwamba ule, waliumwagia pombe, waliutolea damu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuunyooshea kidole na kutaja jina. Shuleni tuliambiwa ni michoro ya watu wa kale wasiojua kuandika. Sentensi ile niliiamini hadi Februari 1987, kwenye baraza ile, nilipomwona mtu asiyejua kusoma gazeti akisoma ukuta mzima bila kurudi nyuma.

Niliandika kwenye kijitabu kila jina nililolisikia, kwa herufi za Kiswahili. Nilikuwa na usingizi mwingi.

Mwezi uliofuata, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Holi, tulikwenda kwenye sherehe ya Gher huko Kavant. Hiyo wageni wanaijua zaidi maana inaonekana kwa mbali: wanaume wamejipaka vitone vyeupe mwili mzima, vichwani wana kofia ndefu za manyoya ya tausi, viunoni wamefunga vibuyu vikavu na njuga ambazo ukiwa bado njiani unazisikia kama mvua juu ya mabati. Wanawake wa kijiji kimoja huvaa nguo za rangi moja, na fedha shingoni na mikononi. Nilifurahi sana na nikacheza mpaka viatu vikaachia soli. Ila ukiniuliza nilichokileta nyumbani, si Kavant.

Njiani kurudi, Rathwa alinipitisha kichakani kunionyesha kitu kingine. Chini ya mti mmoja walisimama farasi wa udongo wa kuchoma, pengine 60, pengine zaidi, wadogo kama paka na wakubwa kama mbuzi, ndani watupu. Hawa hufinyangwa na wafinyanzi, ambao si Warathwa. Mfinyanzi huzungusha shingo, mwili na miguu kila kimoja peke yake kwenye gurudumu, kisha huviunganisha. Mwenye nadhiri hununua, hubeba, huweka, huondoka. Hakuna anayefagia pale. Waliovunjika walikuwa wamelala katikati ya wazima, na mchwa walikuwa wameshajenga ndani ya tumbo la mmoja. Nikaokota sikio lililovunjika, nikaligeuza, ndani kulikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi. Rathwa akaniambia kwa upole nilirudishe, nami nikalirudisha palepale.

Miaka imefanya yake. Chhota Udaipur imekuwa wilaya tangu 2013. Pale Tejgadh, chini ya Koraj, msomi Ganesh Devy na wenzake wamejenga chuo cha Waadivasi chenye makumbusho ya sauti na lugha zao. Sanaa za ukutani za makabila haya zimehamia kwenye karatasi na turubai. Bhuri Bai, mwanamke wa Kibhil aliyekuwa kibarua wa kubeba matofali wakati kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan kinajengwa Bhopal, alipewa karatasi na rangi na msanii J. Swaminathan, na mwaka 2021 serikali ilimpa nishani ya Padma Shri. Mwaka 2023 akaipata Paresh Rathwa kwa kazi ya Pithoro. Niliposoma habari hiyo nilisimama peke yangu sebuleni kama mtu aliyesikia mtoto wa nyumba yake amefaulu.

Wapo wanaosikitika kwamba farasi hawa sasa wanauzwa kwenye vitambaa na kupamba hoteli. Mimi sina ugomvi na mtu anayeishi kwa mkono wake. Mwandishi aliyenifutia mstari alilipwa nafaka na nyama, na angestahili zaidi. Kinachonikereketa ni pale picha inapofika mbali bila mtu wa kuitaja. Nimeona moja yenye msafara wote, imefungiwa kioo, na mstari wa nje umeunganishwa pande zote nne.

Mwaka 2019 Rathwa alinipigia simu. Sote tumestaafu, yeye alikuwa mhandisi wa umwagiliaji kwao. Baba yake na Kaka walishafariki, na ukuta ule bado upo, umekolezwa na moshi wa jikoni. Mjukuu wake alikuwa amekuja kutoka mjini na kumwuliza farasi mmoja mmoja ni wa nani. Akaenda naye vizuri, anasema, mpaka safu ya pili, upande wa kushoto, halafu akakwama. "Wewe uliandika," akaniambia. "Nilikuona ukiandika usiku kucha."

Nikakitoa kijitabu sandukuni. Karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Mlango upo, na chui wake wawili, penseli bado nyeusi maana mkono wa yule mzee ulikuwa mzito. Nikageuza kurasa kwenye majina. Kumi na saba. La kumi na nane nililianza kwa herufi R, na mstari ukateleza hadi ukingoni. Nilikuwa nimelala. Wakati badvo anagonga ukuta kwa upanga niliamka, hilo nalikumbuka vizuri, lakini kati ya jina la kumi na saba na mlio ule kuna farasi ambao sikuwasikia, na baada ya hapo sikuandika tena. Nilimwambia ukweli. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kuhusu afya ya mke wangu, na tukaagana.

Baada ya siku nne ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Hakuwa Rathwa. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, isiyo na haraka, inataja jina, inapumzika, inataja jingine. Alikuwa mtoto wa yule mwandishi mkubwa, naye sasa ni lakhara. Rathwa alikuwa amemfuata kijiji cha tatu, akamleta mbele ya ukuta, na kati ya jina na jina inasikika sauti ya mtoto wa kike akiyarudia. Kwa nyuma kuna jogoo.

Nilikaa mezani na kalamu ya wino. Nikaanzia kwenye ile R.